Nilikuwemo Ndani kwa Mzee Ndaki

Somanda, Bariadi
Jioni

Minza mwanangu,

Viatu vyako vya safari bado viko hapa mlangoni, kwa hiyo zile salamu za "mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali" sina ruhusa ya kuziandika. Hujawa mbali bado. Umekwenda Nyakabindi kuwaaga akina baba mdogo, na ninavyowajua hawatakuachia mpaka wakuchinjie kuku na umle mpaka shingo. Ndipo nami nimepata nafasi. Nimekaa kwenye meza ya mgahawa, nimeifuta mafuta, wateja nimewafukuza. Mmoja ameuliza, "Mama Minza, leo hupiki?" Nikamwambia leo naandika. Amecheka mpaka amekohoa. Huyo kesho nitampa ukoko.

Ya makoti na soksi sitayaandika. Shangazi yako ameshakwambia mpaka masikio yamekuuma, na yeye baridi kubwa aliyowahi kuiona ni ya Mbulu. Ya kusali unayajua. Ya wanaume, kwa umri wako, wewe ndiye wa kunifundisha mimi. Nataka kuandika lile jambo ambalo tukikaa wawili tunalizunguka kama watu waliokuta nyoka njiani, kila mmoja anamwachia mwenzake atangulie.

Lakini niache kwanza nijisifu, maana mimi bila kujisifu kalamu haiendi. Serikali ilipoiachia pamba, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao na mizani yao ya ajabu, wenzangu walikaa wanasikitikia ushirika uliokufa. Mimi nilibeba sufuria. Nilijiuliza, hawa wanaume wanaolala foleni na mafurushi yao ya pamba watakula nini? Nikapika wali na maharage pembeni ya mizani. Msimu ulipoisha nikahamia huku Somanda karibu na hospitali, kwa sababu wagonjwa hawana msimu. Baba yako, Mungu amrehemu, alisema, "Kabula, utatuaibisha kwa kupika barabarani." Aibu hiyo ndiyo iliyokupeleka India. Nani mwingine hapa mjini? Mtaje. Mwanamke wa darasa la saba, tena mjane, mtoto wake kapanda ndege kwenda kusomea akili za watu. Watu waliponiuliza hiyo saikolojia ni dawa gani, niliwaambia ni dawa ya mtu aliyevunjika mahali ambapo daktari hawezi kufunga plasta. Hilo nililitunga mwenyewe. Wewe ulipolisikia ulisema siyo sahihi sana lakini siyo baya.

Na neno lenyewe, mwanasaikolojia, nililifanyia mazoezi nikichota maji mpaka likakaa mdomoni.

Sasa, makosa yangu. La kwanza hata wewe ulilicheka. Ile bodi ya huko unakokwenda, inayoamua nani aitwe mwanasaikolojia na nani asiitwe, ilitaka chuo chako cha India kitume alama zako moja kwa moja kwao. Chuo kikakosea, kikazituma kwenye sanduku letu la posta. Bahasha nzito, mhuri mwekundu nyuma, stempu za tembo. Imeandikwa kwa Kiingereza isifunguliwe. Mimi Kiingereza cha "isifunguliwe" ninakijua, nisikudanganye. Lakini mtoto ni wangu, sanduku ni langu. Nikafungua. Jumapili nikaipeleka kanisani, kwaya nzima ikazisoma alama zako, sauti ya nne ikasema hizi ni alama za kuzaliwa nazo. Halafu nikamtuma mtu Mwanza akaiwekee nailoni ngumu isichafuke. Ulipofika nikakukabidhi inang'aa kama sahani ya sikukuu. Ulikaa juu ya gunia la mahindi ukacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Tukaanza upya. Barua kwenda India, kimya. Barua nyingine, kimya. Mpaka ikatumwa bahasha ya pili, ikafika ilikotakiwa, na bodi ikajibu kwamba digrii yako ni digrii.

Siku ile nilipika pilau bure. Nilidhani tumemaliza. Kumbe karatasi ilikuwa mlango wa nje tu. Walitaka na kazi. Walitaka uandike habari ya mgonjwa mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho: alikujaje, ulimfanyia nini, nani alikuwa anakusimamia, nani alikuwemo ndani mkiongea.

Hapo kwenye kusimamiwa tulikuwa tumeshaumia kabla ya kuanza. Ule mradi wa wafadhili pale hospitali, wa kuwasikiliza watu waliofiwa kwa ukimwi, ulikuwa na chumba kimoja, pikipiki moja na wewe. Mwanasaikolojia mwingine wa karibu alikuwa safari ya basi mbili. Aliyekutilia sahihi ni daktari mkuu, na daktari mkuu, mtu mzuri, kazi yake mabusha. Uliandika hivyo hivyo kwa heshima, kwamba ni daktari wa upasuaji. Nilikwambia, "Andika tu daktari, wataona wapi?" Ukanitazama.

Ungeweza kuchagua mgonjwa mwingine. Ulikuwa nao wengi. Yule mwalimu wa kike aliyekuwa anaogopa kulala. Yule kijana wa Mwanhuzi. Ukamchagua mzee Ndaki wa Zagayu, na ulisema umemchagua kwa sababu ndiye peke yake uliyemwona amefunguka mbele ya macho yako. Basi acha niiandike habari yake kwa mkono wangu, japo unaijua. Nimeisimulia mara nyingi vibaya. Nataka iwepo mara moja nimeisema kwako tu.

Ulikuja ukaniambia kuna namhala, mzee mwenye boma lake, kule Zagayu hasemi. Tangu msiba wa mwanawe Shija hajatoa neno. Anakaa zizini mchana kutwa, analala humo humo na ng'ombe, chakula anakipokea kama mtu anayepokea mzigo wa jirani. Nfumu, mganga wao, ameshakuja, amekula mbuzi, ameondoka. Nami nikakuuliza swali moja tu: "Unakwenda na nani?" Ukasema peke yako. Nikasema, wewe mtoto, India imekusahaulisha? Msichana hajaolewa, umri wa kitindamimba wake, akae na mzee chumbani mlango umefungwa amuulize kinachomliza? Hata akitaka kusema, atakisema kwa lugha gani? Hukubishana. Daktari mkuu mwenyewe, mtu wa huku huku, alisema, "Nenda na mama." Nikafunga mgahawa, nikapanda nyuma ya pikipiki na kitenge changu kipya.

Mara ya kwanza hakusema. Mara ya pili hakusema. Ulimuuliza vizuri, kwa upole, nilikuwa najivunia hata ukimya wako: unauliza, unangoja, unangoja tena. Mimi kungoja huko kungeniua. Mkwewe, yule mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa anatuletea michembe ya viazi na kusema, "Msichoke, mje tu tena."

Mara ya tatu, kwa kuchoka, nikamuuliza yule mkwe ukoo wao. Akautaja. Nikasimama. "Ukoo upi?" Akarudia. Nikapiga makofi. "Kumbe siku zote hizi nimempigia magoti mtani wangu! Heshima yangu yote ile ya bure, nani atanirudishia?"

Ukanivuta kitenge. "Mama, taratibu."

Nikamgeukia. "Wewe namhala. Ndivyo ukoo wenu mlivyo? Mkiibiwa ng'ombe kimya, mkifiwa kimya. Nikikupeleka mnadani, mchinjaji atauliza, hii inapumua au umeikuta njiani?"

Ulinifinya, alama ilikaa.

"Na hizo ndevu. Mbuzi wetu ana ndevu nzuri kuliko hizo. Na akishikwa, analia. Ana akili kuliko wewe."

Akainua kichwa polepole. Sauti ilitoka imeshika kutu. "Mbuzi wenu," akasema, "mliiba kwetu."

Mkwe akaangusha upawa.

"Tuliiba kwa sababu mlikuwa mmelala!"

"Hatukulala. Tuliwaona. Tukasema waacheni, hawajala hao."

Akacheka, Minza. Meno mawili yale. Tukacheka wote, mkwe akakaa chini akacheka huku analia. Halafu kicheko cha mzee kikageuka kikawa kitu kingine, na hapo mimi nilinyamaza, nakiri, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Ukasogea wewe. Hukumuuliza mengi. Alisema mwenyewe, kwa Kisukuma cha zamani ambacho hata mimi maneno mengine niliyasikia mara ya mwisho kwa bibi yangu. Kwamba Shija alirudi kutoka Dar amekonda. Kwamba watu walimwambia ugonjwa huu unaruka. Kwamba alimjengea mwanawe kibanda kule pembeni ya boma, chakula akawa anakiweka chini mlangoni na kurudi nyuma. Siku za mwisho Shija alikuwa anaita, "Bhabha. Bhabha." Wewe ukamuuliza jambo moja tu: "Akiita, ulikuwa unakaa wapi?"

Akasema, "Zizini. Ng'ombe wanapiga kelele, husikii vizuri."

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya hapo ulikwenda tena na tena, na mimi nikiwa pembeni, mtukanaji mkuu. Namtukana akifungua mlango, namtukana akifunga, katikati mnaongea ninyi. Akarudi kulala ndani ya nyumba. Msimu wa kulima akaonekana na jembe. Mkwe alituletea jogoo hapa mgahawani, nawe ulikataa, ukasema kazi yako haikuruhusu kupokea, mimi nikampokea kwa niaba ya ukoo.

Kama ningekufa wiki ile ningekufa nikiwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote wilayani. Sikufa. Nilirudi kwenye sufuria zangu na mdomo wangu.

Wewe ulinionya. Pale kwenye pikipiki kabla hatujafika hata barabara kuu ulisema, "Mama, yale ya mzee yanabaki kule." Nikasema, "Kwani mimi mtoto?" Na kweli mwanzo nilisema tu, mwanangu amemfufua mzee wa Zagayu. Basi. Watu wakauliza, alikuwa na nini? Huzuni. Huzuni ya nini? Ya mtoto. Mbona wengi tumefiwa na watoto, hatujakaa zizini? Hapo, Minza. Sifa yako ilikuwa inapungua mbele ya macho yangu, mtu anaidharau kazi yako huku anakula maharage yangu. Nikaongeza chumvi ya kibanda. Nikaongeza kuitwa. Nilimaliza yote, na yule mteja aliacha kijiko akasema, "Mwanao ni mganga kweli." Nikaona raha. Siwezi kusema sikuona raha.

Malori ya pamba yanakwenda kila kijiji. Habari ilifika Zagayu kabla ya mvua. Mnadani, mbele ya watu, mtu mmoja alimuuliza Ndaki, "Namhala, kile kibanda bado kipo, au umekifanya cha kuku?"

Akarudi nyumbani akaingia zizini.

Tulipokwenda, mkwe hakuleta michembe. Ulikaa mbele yake mpaka kivuli kikahama. Nami nikamtukana. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua, ya ndevu, ya mbuzi, ya wizi, ya babu zake. Aliangalia chini. Sijawahi kusikia matusi yangu yakianguka hivyo, kama mtu anayetupa mahindi kwa kuku waliokufa. Njiani uliniuliza, "Ulisema, mama?" Nikasema, "Nilisema." "Kwa nani?" "Kwa wateja." Tulipofika uliosha masufuria yangu yote, hata yale safi, ukaenda kulala. Hukunigombeza. Ningependa ungenigombeza. Mpaka leo naisubiri ile siku.

Halafu nikakumbuka jambo ambalo huenda wewe hujalisahau hata siku moja. Siku ulipokua, ile siku ya kwanza, ulikuja ukaninong'oneza jikoni unaogopa. Nami kwa furaha nikatoka nikawaambia wanawake wote kwenye foleni ya bomba, "Mwanangu amekuwa mwanamke!" Wakapiga vigelegele. Ulikaa uvunguni mwa kitanda mpaka jioni. Nilidhani ni haya ya kitoto. Lakini tangu hapo hukuwahi kuninong'oneza tena kitu. Ukakua msichana wa kusikiliza, kila mtu anakuletea yake, wewe zako hakuna anayezijua. Ukaenda kusomea kusikiliza. Sijui kama yanahusiana. Wewe ndiye msomi.

Basi ukaandika habari ya Ndaki kwa ile bodi. Na ukaandika yote. Kwamba mama wa mtaalamu alikuwemo ndani. Kwamba alimtukana mgonjwa, na utani ni nini kwetu. Kwamba mgonjwa alifunguka. Kwamba siri ilitoka nje kupitia kwa mama huyo huyo, mgonjwa akafunga. Ulinisomea kwa Kiswahili kabla ya kutuma, ukaniuliza kama kuna uongo. Nikasema hakuna. Nilitaka kuwepo. Ndiyo, nilitaka kuwepo hata kwenye aibu, ndivyo nilivyo.

Wakajibu. Kwa adabu, ulisema, Kiingereza kizuri. Kwamba wanaithamini elimu yako, lakini kazi yote ya Bariadi hawataihesabu: haikusimamiwa na mwanasaikolojia, ndugu wa mtaalamu alikuwemo ndani, siri ya mgonjwa haikulindwa. Uanze mazoezi upya huko chini ya msimamizi wanayemtambua. Na msimamizi hakuchukui mpaka bodi ikuandikishe, na bodi haikuandikishi mpaka uwe na msimamizi. Nilikuuliza mara tatu nikidhani sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Anjela rafiki yako, aliyetangulia huko, alipiga pale kwenye kibanda cha simu. Laini mbaya, anapiga kelele, mtaa mzima tunasikia: "Minza, acha ushamba! Mtoe mama yako humo! Andika mgonjwa mwingine, mlango ulifungwa, mlikuwa wawili, basi! Nani atakwenda Zagayu kuuliza?"

Usiku huo nami nilikuomba hivyo hivyo. Unakumbuka? Nilisema, "Nitoe. Mimi siyo kitu. Sema sikuwepo." Mimi, Minza, ambaye sijawahi kukubali kutokuwepo mahali. Nawe ulisema, bila hasira, unakunja nguo: "Nikikutoa, mama, nani alimfungua mdomo mzee? Na nikikutoa, nani alimfunga?"

Nikachukua nguo iliyobaki nikakunja nawe.

Nimewatukana sana wale watu wa bodi, hapa kwa sauti na moyoni. Nimesema wanajua nini, hawajui mtani, hawajui namhala, wanadhani huzuni ya mtu ni ya kuongea wawili mlango umefungwa kama wezi. Na bado nadhani hawajui. Lakini ile sheria yao ya mlango, kila nikiitazama, naona uso wangu. Nadhani na huko walikuwa na akina mama kama mimi. Mimi nikiwa nje, Ndaki asingesema. Mimi nikiwa ndani, yamemkuta yaliyomkuta. Natamani ningekuwa nimejifunza namna ya kuwa ndani halafu nikatoka bila kubeba kitu. Watu wengine wanaweza. Bibi yako aliweza. Alizalisha wanawake nusu ya kijiji na hakuna aliyejua mtoto gani alifanana na nani.

Sitakudanganya hapa mwisho. Ukiniambia, "Miaka miwili mitatu, mama, nitapata usajili," mimi nakuitikia, ndiyo mwanangu. Hapa kwenye karatasi siitikii. Mtoto wa mchungaji alikwenda akiwa daktari wa mifugo, picha alituma amevaa koti jeupe, sasa tunajua koti lile lilikuwa la kiwandani, anabeba boksi mpaka leo na nywele zimeingia mvi. Hakuwa mjinga kuliko wewe. Nawe viza yako imeandikwa kazi ya kulea wazee. Utawaogesha, utawageuza kitandani, utawalisha uji. Sidharau. Nimewaosha wazee wangu na mikono haikuoza. Ninachokiona ni kwamba kati ya hao wazee atakuwepo mmoja asiyesema. Utamjua siku ya kwanza. Utajua aanziwe wapi. Na hutakuwa na ruhusa ya kumuuliza, kwa sababu ruhusa yako ni ya sponji. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Na ningekwambia ubaki, ubakie nini? Mradi umefungwa, wafadhili wamehamia jambo jingine, pikipiki imeuzwa. Ajira za serikali zimesimamishwa. Hospitali yenyewe siku hizi unalipia hata kadi, sasa nani atatoa hela aende akaongee? Walikuja kwako kwa sababu ilikuwa bure na kwa sababu wewe ni mtoto wa mama wa mgahawa. Huku hawawezi kukulipa, kule hawakuhesabu. Nimegeuza huku na huku kama chapati, pande zote zimeungua.

Kwa hiyo sina njia ya kukuonyesha. Nina haya machache tu ambayo nimeyapata kwa gharama ya mtu mwingine. Ukipata huko mtu wa kumnong'oneza, mchague asiye na mgahawa. Ukikuta mzee asiyesema, usimtukane, siyo mtani wako, hukuzaliwa na utani huo. Kaa tu naye ukimaliza kumwosha, dakika ambazo hawatakulipa. Ukichoka na kuona ile fomu yao umeijaza tena wakairudisha tena, usiniandikie kwamba mambo ni mazuri. Niandikie yalivyo. Najua kwa nini utaogopa kuniandikia. Niandikie hivyo hivyo. Au usiandike, nami sitauliza foleni nzima kama kuna barua yako.

Kuhusu Ndaki, nitaendelea kwenda. Sitamtukana. Mkwe amenikubalia nikae karibu na zizi, mradi nisifungue mdomo. Nimekwenda mara moja hivyo. Ilikuwa vigumu kuliko kuzaa. Hakuniangalia. Nitakwenda tena, na usifikiri nakwambia hili ili upate matumaini, maana mimi mwenyewe sina.

Mchana wa leo, ulipokuwa posta, Mama Sado alipita. Ameketi kabisa, amevua ndala, amejiandaa. "Eeh, Mama Minza, tuambie sasa. Mtoto anakwenda kuwa daktari mkubwa huko? Watampa nyumba? Watampa gari?" Unajua nilikuwa na ya kusema. Nilikuwa nayo mawili, la uongo la kunipendeza na la kweli la kunitoa machozi, na yote mawili yalikuwa yako, siyo yangu. Nikasema, "Anasafiri kesho."

Akasubiri lililobaki. Amenizoea. Akasubiri mpaka akaanza kuangalia kama naumwa. Nikamwambia chai yake inapoa.

Mama yako,
Kabula